Mkutano mkuu katika milima: tuanze na memba wa mbali



Leo tunazungumuza namna ya kutayarisha mkutano mkuu wa kooperative, ao mkutano wa kukusanya kooperative nyingi, kwetu katika milima ya Kivu. Wengi wanaona ni kazi ndogo: kuchagua siku, kuita watu, kupika. Sisi pia tuliona hivyo, mpaka siku moja tukafundishwa.

Tulikuwa tunasindikiza kooperative moja ya kahawa upande wa mangaribi wa Ziwa Kivu. Mkutano ulifanyika chini, karibu na maji, katika nyumba nzuri ya mikutano. Ukikaa dirishani unaona ziwa na visiwa. Sisi wenyewe tulisaidia kuichagua, juu gari letu lilifika mpaka mlangoni. Saa tano, waliokuwako wakapiga kura: kwa kila kilo ya kahawa mbichi, faranga 50 zitakatwa juu ya kutengeneza mashini ya kumenya kahawa. Saa saba ndipo wanamemba wa vilima vya juu walifika, nguo zimelowana, miguu imejaa matope. Mama mmoja akatuuliza: "Mulishapiga kura, sasa munatuitia nini?" Hatukuwa na jibu.

Msimu ule vilima vitatu vya juu viliuza kahawa yao kwa wachuuzi wa njiani, na mashini ilibaki mbovu mwaka mzima. Hakuna mtu aliyeiba. Kooperative ilipata hasara juu ya mahali na saa ya mkutano.

Basi fundisho letu ni moja: katika milima, mkutano unapangwa kuanzia kwa memba anayekaa mbali kuliko wote. Mukimufikiria yeye kwanza, wengine wote watafika. Mukianza na mwenye gari, ni wenye gari tu watakaoamua.

1. Tuhesabu saa, si kilometa

Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1.460 juu ya bahari. Mashamba ya kahawa yanapanda kutoka ziwani mpaka karibu mita 2.000, na ndugu zetu wa viazi na wa ngombe wanakaa juu zaidi. Kilometa 10 kwenye barabara ya ziwa ni safari fupi kwa pikipiki. Kilometa 10 za kupanda mlima kisha mvua ni nusu ya siku.

Muchukue daftari, muandike jina la kila kilima, hesabu ya wanamemba wake, saa za kushuka, saa za kupanda, na mito inayovukwa. Musimuulize kijana mwenye miguu ya mbuzi. Mumuulize mama mwenye mtoto mgongoni.

Mfano: memba wa mbali anatembea saa tatu kushuka na saa nne kupanda. Akitoka kwake saa kumi na mbili asubui, anafika saa tatu. Juu afike kwake mbele ya giza, lazima aondoke saa saba na nusu. Tukianza saa tatu na nusu, tukimaliza saa sita na nusu na kula, tuko na saa tatu tu za kusema. Kama mambo ni mengi kuliko saa tatu, kuna njia mbili: kupandisha mkutano karibu na kati ya vilima, ao kutafutia wa mbali mahali pa kulala. Kusema "watajipanga wenyewe" si njia.

2. Msimu na siku

Sheria ya OHADA juu ya kooperative, ambayo inatufunga tangu Kongo iliingia OHADA katika mwaka 2012, inaomba mkutano mkuu wa kawaida ufanyike katika miezi 6 kisha kufunga hesabu za mwaka. Ukifunga hesabu tarehe 31 mwezi wa 12, mwisho ni tarehe 30 mwezi wa 6. Lakini miezi hiyo iko na mvua nyingi, na ndani yake iko na mavuno ya kahawa. Komite inayongoja inakuta njia imeharibika na watu wako shambani.

Kuna nafasi mbili nzuri. Ya kwanza ni mwezi wa 1 na wa 2, wakati mvua inapunguka kidogo. Lakini hesabu ziwe tayari. Ya pili ni kisha katikati ya mwezi wa 6, wakati jua linaanza kukamata. Njia ni kavu, lakini siku za sheria zinaelekea kuisha, basi musisogeze tarehe tena.

Kwa siku ya juma, muangalie soko la kila kilima, siku ya salongo, siku ya posho kwa ndugu Waadventista, na siku ya Mungu kwa wengine. Na kila mara mkutano uwe asubui, juu mvua ya milima inapenda kunyesha kisha saa sita.

3. Mahali

Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, katika teritware ya Kalehe, mvua kubwa ilijaza mito, na maji, mawe na udongo vikashukia Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya ine, siku ya soko kule Nyamukubi, na watu walikuwa wengi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Wengi kati yetu walizika ndugu zao.

Kwa hiyo, mbele ya kuuliza kama mahali ni pazuri, tuulize: maji yakishuka, yanapita wapi? Tusikusanye watu katika bonde kando ya mto, wala chini ya mlima uliokatwa miti, katika miezi ya mvua kubwa. Masomo ao kanisa lililo juu ya mgongo wa kilima ni bora kuliko hoteli iliyo mdomoni mwa mto. Tena tuulize habari za usalama wa njia siku tatu mbele, na asubui yenyewe. Kama habari si nzuri, tunaahirisha bila haya.

Na mahali pazunguke. Mwaka huu kilima hiki, mwaka ujao kingine. Wa chini nao wajue kupanda.

4. Vilima viseme kwanza

Juma mbili mbele ya mkutano mkuu, kila kilima kifanye mkutano wake mdogo chini ya mti. Pale mama asiyeweza kuacha watoto na mzee asiyeweza kutembea wanasema neno lao. Sekretere wa kilima anaandika mambo matatu: tunakubali nini, tunakataa nini, tunauliza nini.

Kama statuti zenu zinaruhusu wajumbe, kila kilima kichague wake, na kati ya watano, wanawake wasipungue wawili. Kama haziruhusu, kila memba anabaki na haki ya kuja mwenyewe: memba mmoja, kura moja. Lakini hata hivyo mkutano wa kilima unasaidia, juu hakuna atakayeshangaa siku kubwa.

5. Mwaliko

Sheria inaomba mwaliko ufike siku 15 mbele. Uandikwe siku, saa, mahali, na mambo yote ya kuzungumuza. Jambo la feza lisifichwe chini ya maneno "na mengineyo". Barua inasomwa kanisani, sokoni, kwenye redio ya karibu, na kwenye kituo cha kuosha kahawa. Wasiojua kusoma nao ni wanamemba.

6. Feza

Bei hizi ni za mfano tu, muweke zenu. Kuita wanamemba 240 chini: chakula faranga 3.000 kwa kila mmoja ni 720.000, na nyumba ya mikutano 150.000. Jumla 870.000. Kuita wajumbe 48 kwenye masomo ya kati: chakula 144.000, pesa ya njia 5.000 kwa wajumbe 30 wa mbali ni 150.000, usafi wa masomo 30.000. Jumla 324.000. Faranga 546.000 zinabaki. Zinaweza kupikia mikutano ya vilima maharagi na bugali, na ingine ikaanza kutengeneza mashini.

7. Wageni

Siku ingine mnunuzi ao mfazili anataka kuja kwenye mkutano, na komite inamutafutia meza kando ya ziwa. Tunasema: apande. Kule juu ataona milima na ukungu wa asubui, lakini ataona pia njia ambayo gunia la kahawa linapita mgongoni mwa mtu. Siku ile wa vilima vya juu watakuwa wenyeji, na watasema kwa sauti ya wenyeji.

Ya kuzungumuza katika kikundi

Nani katika kooperative yetu anakaa mbali kuliko wote? Mara ya mwisho alifika saa ngapi, na kura gani ilikuwa imepita? Mwaka huu tutamufuata wapi?

Ile kooperative ya kahawa ilijibu maulizo hayo. Mwaka uliofuata walikusanyika juu, kwenye masomo ya kilima cha kati, na sisi tuliacha gari chini tukapanda kwa miguu. Jambo la faranga 50 likarudishwa mezani. Yule mama ndiye aliyesema wa kwanza. Aliuliza nani atatunza feza zile, akajibiwa, akanyanyua mkono kukubali.