Kufuli Moja Haitoshi: HashMap au ConcurrentHashMap?

Mimi nasoma taaluma za Kiislamu, ila programu za kompyuta hazina mwenyewe, basi tusome.

Chukua daftari la zaka ya fitri. Waandikishaji wawili, kila mmoja na simu yake, mmoja msikitini na mwingine sokoni hapa Gisenyi, wanatuma hesabu kwenye seva moja iliyoandikwa kwa Java. Seva huwahudumia kwa pamoja, kila ombi na uzi wake. Nyuzi zote mbili zinasoma kwamba zimepokelewa pishi 40. Kila mmoja unaongeza 1. Kila mmoja unaandika 41. Pishi moja ya maskini imepotea, wala programu haikulalamika.

Hayo ni ya HashMap ya kawaida. Wengine hukimbilia Vector na Hashtable, zilizokuja na Java ya kwanza mwaka 1996. Hizo hufunga kufuli kila zinapoguswa, hata na anayesoma tu. Fikiria wote wanaovuka Petite Barrière kwenda Goma wakipitia mlango wa mtu mmoja: hawatagongana, lakini nyanya zitaoza foleni. Ndiyo maana mwaka 1998 zikaja ArrayList na HashMap zisizo na kufuli, na mwaka 2004 ConcurrentHashMap, ambamo msomaji kwa kawaida hasubiri na waandishi wengi hupita bila kuzuiana.

Sasa mtego. Weka ConcurrentHashMap, kisha uache msimbo wako vilevile: soma, ongeza, andika. Bado utapata 41! Kila hatua ni salama peke yake, ila kati ya kusoma na kuandika pana mwanya, na uzi wa pili hupenya hapo. Tumia merge, iliyoingia na Java 8. Hiyo husoma, huongeza na kuandika kama tendo moja.

Na ya kawaida je? Orodha iliyozaliwa ndani ya metodi moja na kufia humo, isionwe na uzi mwingine, ArrayList yaitosha kabisa. Naona kuiwekea kufuli ni kujisumbua bure. Orodha ya misikiti, inayosomwa kila saa na kubadilika kwa nadra, iwekee CopyOnWriteArrayList. Lakini hiyo hunakili orodha nzima kila unapoongeza jina, kwa hiyo usiipe wachangiaji wa fitri usiku wa kuamkia Idi.