SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: MIZANI YA KUPIMIA TIBA MPYA

Mkulima apelekapo kahawa yake ghalani hakubali uzito wa kukisia kwa macho. Hudai mizani, na mizani yenyewe hudai ikaguliwe. Lakini mkulima huyo huyo akisikia kwamba hospitali ya wilaya imeletewa mashine mpya, au kwamba dawa mpya imetoka ng'ambo, hufurahi tu wala haulizi imepimwa kwa mizani gani. Somo hili laeleza mizani hiyo, na jinsi watumishi wa afya wanavyofundishwa kuitumia katika warsha.

Jambo hili lawahusu wanachama moja kwa moja. Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huo huo Kenya nayo ikapitisha sheria yake ya bima ya afya ya jamii. Bima ni mfuko wa pamoja, sawa na mfuko wa chama. Shilingi iliyokwisha kutolewa kwa jambo moja haiwezi kutolewa tena kwa jambo la pili. Kwa hiyo kila huduma inayoingizwa katika kitita cha mafao huchukua nafasi ya nyingine.

1. Maana na chanzo chake

Kazi hii huitwa Tathmini ya Teknolojia za Afya. Neno teknolojia hapa halina maana ya mashine peke yake. Dawa, chanjo, vipimo, upasuaji, na hata mpango wa kuwachunguza wananchi kabla hawajaugua, vyote vimo.

Bunge la Marekani liliunda ofisi ya kutathmini teknolojia mwaka 1972, nayo ikafungwa mwaka 1995. Sweden ilianzisha chombo chake mwaka 1987, na Uingereza ikaunda taasisi iitwayo NICE mwaka 1999. Thailand ilianzisha HITAP mwaka 2007. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zote kuijenga kazi hii.

2. Yafundishwayo katika warsha

Warsha za namna hii huwakutanisha madaktari, wafamasia, wachumi na maofisa wa bima. Nyingi huchukua siku chache tu, na sehemu kubwa ya muda hutumika kufanya mazoezi ya hesabu.

Kwanza, washiriki hujifunza kuuliza swali kwa ukamilifu: mgonjwa yupi, tiba ipi, ikilinganishwa na ipi, kwa matokeo gani? Sehemu ya tatu ndiyo isahauliwayo. Muuzaji hupenda kuilinganisha dawa yake na kutofanya lolote, hali mgonjwa tayari anayo dawa ya zamani imsaidiayo kwa kiasi.

Pili, hufundishwa kukusanya ushahidi wote, si ule unaopendeza tu. Majaribio yaliyoonyesha matokeo mabaya mara nyingi hayachapishwi. Atazamaye yaliyochapishwa peke yake ni kama mkaguzi aonyeshwaye stakabadhi za mapato akafichwa zile za matumizi.

Tatu, hufundishwa kuhesabu gharama nzima. Bei ya kununulia si gharama. Kuna usafirishaji, umeme, vipuri, fundi, na mafunzo ya mtumiaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo, ulionyesha kuwa karibu vifaa 4 katika kila 10 vilikuwa havifanyi kazi. Chama chochote kilichowahi kuona trekta likikaa juu ya mawe kwa kukosa kipuri kidogo chaelewa jambo hili bila kuelezwa zaidi.

Nne, hujifunza kupima faida. Kwa kuwa tiba moja hurefusha maisha na nyingine hupunguza maumivu, wataalamu hutumia kipimo kimoja, yaani mwaka wa uhai wenye afya kamili. Mwaka mmoja ulioishiwa katika afya iliyopungua kwa nusu huhesabiwa kuwa nusu mwaka.

3. Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu. Na ichukuliwe kwamba tiba ya zamani yagharimu shilingi 40,000 kwa mgonjwa na humpa mwaka 1 wa afya kamili. Tiba mpya yagharimu shilingi 340,000 na humpa mwaka mmoja na nusu.

Mwenye haraka atagawanya 340,000 kwa moja na nusu, apate karibu shilingi 227,000 kwa mwaka. Hilo ni kosa. Mwaka wa kwanza ulikwisha kupatikana kwa shilingi 40,000. Kinachonunuliwa hasa ni ile nusu ya mwaka iliyozidi, na bei yake ni shilingi 300,000. Kwa hiyo mwaka mmoja wa ziada wanunuliwa kwa shilingi 600,000.

Sasa mfuko una shilingi 30,000,000 za ziada. Zikitumika kwa tiba mpya, wagonjwa 100 watahudumiwa na miaka 50 itapatikana. Ikiwa ipo huduma nyingine ambayo bado haijawafikia watu wote, nayo hutoa mwaka mmoja kwa shilingi 100,000, fedha zile zile zingeleta miaka 300. Kuchagua tiba mpya ni kupoteza miaka 250 ya uhai wa watu.

Hapa ndipo penye uzito wa somo lote. Mgonjwa atakayepata tiba mpya anaonekana, jina lake lajulikana, na ndugu zake watashukuru. Watakaoikosa ile huduma ya pili hawana jina, na hakuna atakayefika ofisini kulalamika. Kazi ya hesabu hii ni kuwasemea wasioonekana.

4. Mambo mawili kutoka Thailand

La kwanza ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Uchunguzi wa HITAP ulionyesha kuwa kwa bei ya wakati ule chanjo haikustahili fedha zilizotakiwa, na kwamba kuimarisha uchunguzi wa wanawake kulikuwa na faida zaidi. Serikali haikuikataa chanjo moja kwa moja. Hesabu ikawa hoja ya kudai bei ndogo. Bei ikashuka, na mwaka 2017 chanjo ikaingizwa katika mpango wa taifa kwa wasichana wa shule za msingi.

La pili ni kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Hesabu ilionyesha kuwa huduma hiyo ni ghali mno ikilinganishwa na faida yake. Hata hivyo, mwaka 2008 serikali iliiingiza katika bima ya wananchi, kwa sababu familia zilikuwa zikifilisika. Lakini ilianza na njia ya tumboni, ambayo mgonjwa hufanyiwa nyumbani. Hivyo hesabu ni mshauri, si mtawala. Bali aamuaye kinyume chake hana budi kuitaja sababu hadharani.

5. Mipaka ya mizani hii

Mizani hii ina kasoro zake. Watu wenye ulemavu wamelalamika kuwa mwaka wao waweza kuhesabiwa pungufu. Kwa sababu hiyo sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 iliweka mipaka juu ya matumizi ya kipimo hiki.

Tena, kitu chaweza kuwa na thamani ya fedha zake na bado kisinunulike. Mwishoni mwa mwaka 2013 dawa mpya ya homa ya ini ya aina ya C iliuzwa Marekani kwa dola 84,000 kwa tiba ya majuma 12. Iliponya kweli, lakini wenye kuihitaji walikuwa wengi kuliko uwezo wa mifuko. Ndiyo maana warsha hufundisha pia kuzidisha bei kwa idadi ya wagonjwa.

6. Kazi ya katibu na wanachama

Chama kinapoombwa kuchangia kifaa cha zahanati au kituo cha afya, katibu aweke mbele ya kamati maswali haya kabla ya kura:

(a) Kifaa hiki kinachukua nafasi ya nini kilichopo sasa?
(b) Ni nani atakayekitumia na kukitengeneza, na kwa gharama ipi kila mwaka?
(c) Ushahidi wa faida umetoka kwa nani, na nani aliulipia?
(d) Wagonjwa wangapi watafaidika?
(e) Fedha hizo hizo zingefanya nini kwingineko?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili watakaokuja wajue uamuzi ulifikiwa kwa njia gani.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini si sahihi kugawanya gharama yote ya tiba mpya kwa faida yake yote?
2. Tiba mpya ya mfano ikishushwa bei hadi shilingi 90,000, mwaka mmoja wa ziada utanunuliwa kwa kiasi gani?
3. Je, chama chenu kimewahi kununua au kupokea kitu ambacho gharama yake ya baadaye haikuhesabiwa? Elezeni yaliyotokea.