Picha Nzuri kwa Taarifa ya Mradi



Taarifa ya robo mwaka ikifika kwa wafadhili, kinachotazamwa kwanza ni picha. Mara nyingi huonyesha watu waliojipanga mbele ya jengo, nyuso zimejaa kivuli, wala haijulikani wanafanya nini. Simu ya kawaida yatosha kupiga picha nzuri, mkizingatia haya:

1. Nje, juani. Epukeni saa sita mchana. Jua likiwa utosini, kofia na paji la uso hutia kivuli machoni. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Ikibidi mchana, waiteni watu chini ya mti, na wote wawe kivulini.

2. Ndani. Darasani au zahanati, mpiga picha alipe dirisha mgongo ili mwanga umwangukie anayepigwa. Mtu akikaa mbele ya dirisha, kamera hufuata mwanga wa nje, naye huonekana kama kivuli. Ukumbini sogeeni karibu, kwani flashi ya simu haifiki mbali.

3. Kazini. Kisima peke yake hakisemi. Mpigeni anayechota maji, ndoo na mikono ionekane. Kabla ya ujenzi pigeni eneo lilivyo. Kazi ikiisha, simameni palepale mpige tena. Chini ya kila picha andikeni tarehe na kazi inayofanyika.

4. Wagonjwa na watoto. Ombeni ruhusa kwanza, mkieleza picha itakwenda wapi. Kwa mtoto, ombeni pia kwa mzazi au mlezi. Anayekataa asinyimwe huduma. Simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zimeni mpangilio huo kwanza, na jina la mtoto lisiandikwe.

Hili la mwisho ndilo zito. Picha ya machozi huenda ikaleta fedha upesi. Lakini mama aliyepigwa siku ya njaa atabaki na njaa ile machoni pa watu, hata miaka mingi baada ya ghala lake kujaa. Kabla ya kutuma, mwonyesheni picha yake. Kisha jiulizeni: angekuwa mama yangu, ningekubali ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kanisani? Jibu likiwa hapana, ifuteni, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.