SAA ZA NAFASI: JE, NI ZA NANI?

Somo la Vijana, lifaalo kusomwa na wazazi pia

Yasomwe kwanza: Zekaria 8:3-5, Kutoka 20:8-11, 1 Wakorintho 6:12, Waefeso 5:15-16.



Sisi vijana wa makanisa ya Ngara na Biharamulo twaulizana mara nyingi swali moja, ama baada ya ibada, ama njiani tukitoka mazoezi ya kwaya, ama shambani tukipalilia maharage. Swali lenyewe ni hili: Je, Mkristo aweza kupenda mpira? Aweza kupiga gitaa, kucheza bao, kusikiliza redio na kutazama simu yake, na bado akawa mtu wa Mungu?

Wako wanaojibu upesi kwamba michezo yote ni mambo ya dunia, na aliyeokoka yampasa aiache. Wako pia wanaojibu upesi vile vile kwamba Mungu hashughuliki na mambo madogo kama hayo, basi kila mtu afanye apendavyo. Katika somo hili tusiwe na haraka. Tulitafute jibu katika Maandiko, tena liwe jibu ambalo kijana aweza kulitumia Jumamosi alasiri kijijini kwake.

1. Hesabu ya saa

Kila mtu, tajiri kwa maskini, amepewa na Mungu saa 168 katika juma moja. Chukua kalamu tuhesabu pamoja. Ukilala saa 8 kila usiku, hizo ni saa 56, zabaki 112. Ukifanya kazi ya shamba, au ukienda shule, saa 9 kwa siku kwa siku 6, hizo ni saa 54, zabaki 58. Kula, kuoga, kutembea na kazi ndogo za nyumbani, tuseme saa 4 kila siku, ni saa 28, zabaki 30. Ibada ya Jumapili, mazoezi ya kwaya na kipindi cha mafundisho, tuseme saa 6, zabaki 24.

Saa 24 ni siku nzima, mchana na usiku. Kumbe kijana asemaye kwamba hana nafasi anayo siku nzima katika kila juma, ila imekatwa vipande vipande, nusu saa hapa na saa moja pale, hata haioni ikipita. Mtume Paulo awaambia Waefeso waangalie sana jinsi wanavyokwenda, wautumie wakati wao kama watu wenye hekima. Hakusema wakati wa ibada peke yake. Saa zile 24 nazo zamo.

2. Mungu hachukii michezo

Nabii Zekaria alisema na watu waliorudi kutoka uhamishoni. Yerusalemu ulikuwa bado mji uliovunjika. Mungu alipotaka kuwaonyesha jinsi mji utakavyokuwa atakapokaa tena kati yao, aliwaonyesha wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi katika njia za mji na mikongojo yao mikononi. Kisha akawaonyesha njia hizo zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Michezo ya watoto ilikuwa alama ya amani ya Mungu.

Watu wa Ngara hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 waliikimbia Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kuingia kwetu, kwa muda wa siku moja au mbili tu. Palipo na hofu namna ile, mtoto hashiki mpira, hushika nguo ya mama yake. Basi tunapowaona watoto wakifukuzana na mpira wa majani ya migomba karibu na kanisa, tumshukuru Mungu kabla ya kuwakemea kwa kelele.

Tena Bwana wetu mwenyewe aliwaona wanafunzi wake wamechoka, hata hawapati nafasi ya kula, akawaita waende naye mahali pa faragha wapumzike kidogo (Marko 6:31). Kupumzika si uvivu. Mungu ndiye aliyepumzika wa kwanza (Mwanzo 2:2-3).

3. Wazee wa uamsho walikataa nini?

Kijana mwingine atauliza, "Mbona wazee wetu waliookoka waliacha ngoma na michezo?" Swali hili lastahili jibu la heshima, maana imani tuliyo nayo tumeipokea kwa mikono yao.

Mwaka 1929 huko Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Dk. Church alifanya kazi katika hospitali ya Gahini, upande wa mashariki wa Rwanda. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka Gahini, na kabla ya miaka ile kumi kwisha ulikuwa umefika Katoke, katika mkoa wetu wa Kagera. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, wakarudisha mali walizoiba, wakapatana na jirani waliokosana nao. Wengi waliacha pombe, na ngoma za usiku nazo wakaziacha.

Waliziacha kwa sababu waliijua njia waliyotoka. Siku zile, mara nyingi ngoma ya usiku ilikwenda pamoja na pombe, uasherati na matambiko ya mizimu. Mtu aliyeponyoka katika mtego hachezi karibu nao. Walifanya vema.

Lakini tazameni jambo hili. Leo ngoma inapigwa katika kwaya zetu wakati wa ibada, na wazee wanapiga makofi. Zaburi ya 150 yataja matari na vinubi katika kumsifu Mungu. Mti ni ule ule na ngozi ni ile ile. Aliyebadilika ni bwana anayeitumikia ngoma ile. Hapo ndipo tunapopata fundisho letu. Jambo la kupenda halipimwi kwa jina lake. Tusiulize tu, "Je, mpira ni dhambi?" Tuulize ni nani bwana, ni nani anayelipa, na linajenga nini.

4. Swali la kwanza: Ni nani bwana?

Paulo awaambia Wakorintho kwamba hata katika mambo aliyo na ruhusa nayo, hatakubali kitu chochote kimtawale. Kipimo hiki ni rahisi. Kitu unachokipenda, je, waweza kukiacha kwa juma moja? Ukiambiwa sasa hivi ukiweke chini ukamsaidie mgonjwa, utakiweka?

Eric Liddell alikuwa Mskoti mwenye mbio sana. Katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, mbio za kwanza za mita 100 ziliwekwa siku ya Jumapili, naye akakataa kukimbia, ingawa huo ndio mbio aliotazamiwa kushinda. Alikimbia mita 400 siku nyingine, akapata medali ya dhahabu. Mwaka uliofuata alikwenda China kuwa mmisionari, akafa huko Februari 1945 katika kambi ya raia waliofungwa wakati wa vita. Waliofungwa pamoja naye walisimulia kwamba aliwaandalia vijana wa kambini michezo, ila si Jumapili. Vijana walipocheza wenyewe Jumapili na kuishia kupigana, alikubali kwenda kuwa mwamuzi wao. Tunaona kwamba mbio hazikumtawala, na hata kanuni yake mwenyewe haikumzuia kuwapenda wale vijana.

Sasa tuseme wazi juu ya jambo linalowatawala vijana wengi siku hizi, yaani kubeti. Kijana huanza kwa kupenda timu yake. Huenda kwenye kibanda kutazama mechi, na huko hujifunza kuweka mkeka. Baada ya muda haangalii tena uzuri wa mchezo, anaangalia fedha yake tu. Sheria ya nchi yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini hata aliyevuka umri huo afanye hesabu. Tuseme kila mechi unayoikisia una nafasi moja kati ya mbili ya kupata. Mkeka wa mechi 5 una nafasi 1 kati ya 32. Mkeka wa mechi 10 una nafasi 1 kati ya 1,024. Mwenye kampuni ameifanya hesabu hii kabla yako, naye hupanga malipo yake ili mwisho wa yote fedha ibaki kwake. Fedha ya kuuzia debe la maharage, ambayo ilitoka mgongoni mwa mama, inakwenda kwa mtu usiyemjua. Huo si mchezo tena. Ni bwana, na ni bwana mkali.

5. Swali la pili: Ni nani anayelipa?

Rudini kwenye hesabu yetu ya saa 168. Tuliandika saa 4 kwa siku za kula na kazi ndogo za nyumbani. Hesabu hiyo ni ya mvulana. Je, dada yake akiiandika yake, itakuwa sawa?

Wote wawili hutoka shambani jioni. Kaka huchukua mpira, dada huchukua ndoo. Kaka akiwa uwanjani, dada yu kisimani, kisha jikoni, kisha anaosha vyombo, na mtoto mdogo yu mgongoni. Zile saa 24 za kaka hazikudondoka kutoka mbinguni. Nyingi alipewa na dada yake bila kuombwa ruhusa. Halafu kwenye mkutano wa vijana twasema wasichana hawaji mazoezini, hawasomi kitabu, hawana vipaji!

Soma tena amri ya nne. Mungu hakumwambia baba wa nyumba apumzike peke yake. Alimtaja mwana, na binti kwa jina hilo la binti, na mtumwa, na mjakazi, na mgeni, hata na mnyama. Pumziko la nyumba ambamo mmoja hapumziki bado halijawa pumziko la Mungu. Naye Zekaria hakuona wavulana peke yao njiani. Aliona wasichana pia wakicheza.

Basi kijana wa kiume apendaye mpira, teka maji kwanza ndoo mbili. Hakuna andiko lisemalo kwamba ndoo ni ya mwanamke. Isaka aliletewa mke aliyeteka maji, lakini Yakobo naye aliwanywesha kondoo wa Raheli kisimani kwa mikono yake (Mwanzo 29:10). Ukiisha kufanya hivyo, nenda ukacheze kwa moyo mweupe.

6. Swali la tatu: Linajenga nini?

Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi za mikono, kuchonga miti na kufua dhahabu (Kutoka 31:1-5). Daudi alijifunza kinubi akiwa kijana mchungaji, na kinubi kile kikamtuliza mfalme mwenye taabu (1 Samweli 16:23). Mambo waliyoyapenda yaliwafaa watu wengine.

Kwetu nako yako mengi. Kusuka vikapu na mikeka ya kulalia, iliyo bora kuliko ile mikeka mingine. Kupiga inanga, ambayo wajuao kuipiga ni wazee zaidi kuliko vijana. Kuotesha miche ya miti na kahawa. Kutengeneza baiskeli. Kumsomea Biblia bibi asiyeona vizuri. Hata simu yafaa, ukiitumia kujifunza nyimbo za sauti nne au kumpigia rafiki aliye mgonjwa. Mpira nao hujenga, maana hufundisha kumtii mwamuzi na kushindwa bila kisirani. Paulo hakudharau mazoezi ya mwili. Asema yafaa kidogo (1 Timotheo 4:8). Kidogo si bure.

7. Neno kwa wazazi na wazee wa kanisa

Wazee wetu, tunawaomba kwa heshima. Mnapomkuta kijana na mpira au gitaa, msianze kwa kukataza. Mwulizeni maswali haya matatu, nanyi mtamjua moyo wake. Tena pangeni katika mtaa saa moja ya alasiri katika juma ambayo binti zetu wataachiwa kabisa, wasitumwe maji wala kuni, wapate kucheza, kusoma au kukaa tu wakizungumza. Kijana asiyepewa mahali pa kuchezea karibu na kanisa atapata pengine, na huko hatutakuwapo.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kila mmoja aandike saa zake 168, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwingine, kisha mlinganishe. Mmeona nini?
2. Ni jambo gani ambalo ungeshindwa kuliacha kwa juma moja?
3. Je, kuna ndugu katika mtaa wetu aliyefungwa na kamari? Tumsaidieje bila kumwaibisha?
4. Ni kazi au mchezo gani wa asili yetu ambao kanisa lingeweza kuutumia kumtukuza Mungu?

Sala

Ee Mungu, uliyeumba usiku na mchana, ukapumzika siku ya saba, twakushukuru kwa nguvu za ujana na kwa furaha ya michezo. Utuokoe na kila kitu kitakacho kututawala badala yako. Utufumbue macho tuone ni nani anayelipa kwa ajili ya raha zetu. Wape mabinti wetu pumziko, na wana wetu mikono ya kusaidia, ili njia za vijiji vyetu zijae amani yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.