SOMO: KUFUMA SKAFU NYUMBANI NA KUIPA UMBO KABLA YA KUIUZA



Anayeishi Sumbawanga hahitaji kuelezwa habari ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, na jioni hata mwenye koti hutafuta kitu cha kufunga shingoni. Kwa hiyo skafu ni bidhaa yenye wanunuzi hapa hapa. Wala kufuma si jambo geni Ufipa. Katika karne ya 19 wenyeji wa uwanda huu walijulikana kwa vitambaa vya pamba walivyofuma wenyewe.

Hata hivyo, kujua kufuma peke yake hakutoshi. Kikundi kimoja cha akina mama nilichokuwa nikikifuatilia kilipeleka skafu zake za kwanza dukani, na baada ya wiki mbili zikarudishwa. Nyingine zilijikunja kingo kama bomba, nyingine zilikuwa pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Nami, kwa kutaka kusaidia, nikawashauri wazipige pasi ya mkaa. Zile za uzi wa plastiki zililegea na kung'aa, zikaharibika kabisa. Kazi ya majuma mengi ilipotea, na sehemu ya kosa hilo ilikuwa yangu. Somo hili linatokana na hasara hiyo.

1. Ujue uzi wako

Uzi mwingi unaouzwa madukani ni wa akriliki, yaani plastiki. Uzi wa sufu ya kondoo ni adimu, lakini unapatikana kwenye marobota ya mitumba, katika masweta ya zamani. Mara chache utakuta lebo imeandikwa "alpaca". Huyu ni mnyama wa jamii ya ngamia anayefugwa hasa Peru na Bolivia, katika nyanda zenye mwinuko unaokaribia mara mbili ya huu wetu au kuzidi. Manyoya yake ni laini na yenye joto sana, lakini hayarudi nyuma kama sufu ya kondoo. Yakivutika, hubaki yamevutika.

Kama lebo imekatwa, kata kipande kifupi cha uzi, ukishike kwa koleo juu ya sahani na ukiwashe. Manyoya ya mnyama hunuka kama nywele zinazoungua na huacha majivu yanayosagika. Akriliki huyeyuka na kuacha donge gumu.

2. Kufumua sweta

Kabla ya kununua, geuza sweta ndani nje. Ikiwa vipande vyake vilikatwa kwa mkasi na kuunganishwa kwa cherehani ya kupindia kingo, liache. Ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Chagua lile ambalo kingo zake zilifumwa zikakamilika. Fungua mishono ya pembeni, kisha anza kufumua kutoka juu, huku ukizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti. Ufunge sehemu nne usichanganyike, uuoshe kwa maji ya uvuguvugu, kisha uuanike kivulini. Ukikauka, ule mkunjo wa zamani utakuwa umepungua sana. Skafu moja huhitaji takriban gramu 200.

3. Kufuma

Tumia sindano za milimita 5 ikiwa uzi ni wa unene wa kati. Ukikosa za dukani, chonga za mianzi na uzisugue kwa msasa hadi ziteleze.

Kwanza fuma kipande cha majaribio chenye vitanzi 20. Kipime, kioshe, kikaushe kikiwa kimelazwa, kisha ukipime tena. Tuseme kilikuwa na upana wa sentimita 10 na sasa kina 11. Basi vitanzi 36 vitakupa sentimita 18 kwenye sindano, na karibu 20 baada ya kuosha. Asiyefanya jaribio hili huuza skafu ambayo vipimo vyake hata yeye mwenyewe havijui.

Anza vitanzi 36 bila kukaza. Fuma kila mstari kwa mshono ule ule wa kawaida: ingiza sindano ya kulia katika kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, zungushia uzi, vuta kitanzi kipya, achia cha zamani. Ukifanya hivyo pande zote mbili utaona matuta madogo yanayolala sawa, na kingo hazitajikunja. Zile skafu zetu zilizojikunja zilifumwa upande mmoja laini na mwingine wenye matuta, mtindo unaofaa sweta. Kila baada ya mistari michache hesabu vitanzi. Vikipungua au kuongezeka, upana utabadilika. Ukifika sentimita 140 hivi, funga vitanzi bila kukaza.

4. Kuipa umbo

Hatua hii ndiyo tuliyoiruka. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni na shampuu kidogo, kwa kuwa manyoya ni nywele. Izamishe skafu dakika 20. Usifikiche, wala usiitoe kwenye maji ya moto na kuitia ya baridi, maana sufu itasinyaa na kushikamana, na haitarudi tena. Suuza, kamua kwa kubonyeza, kisha iviringishe ndani ya taulo na uibonyeze tena.

Usiitundike kwenye kamba. Uzi wa alpaka ukiwa na maji ni mzito, nao utavutika kwa uzito wake wenyewe. Ilaze juu ya godoro lililotandikwa taulo safi. Spoku mpya za baiskeli zisizo na kutu zinafaa sana hapa: zipitishe kwenye kingo ili zinyooke, kisha zishikilie kwa pini. Pima upana mwanzoni, katikati na mwishoni, uwe sawa. Iache mbali na jua kali hadi ikauke kabisa. Kiangazi huchukua siku moja au mbili, na kati ya Novemba na Aprili, wakati wa mvua, huwa zaidi. Ukitoa pini ikiwa bado na unyevu, utakuwa umefanya kazi bure.

Akriliki nayo ioshe na kuilaza vivyo hivyo, ila haishiki umbo kwa maji kama sufu. Kwa sababu hiyo ifumwe sawa tangu mwanzo, na pasi isiiguse.

Kile kikundi kilianza upya kwa skafu tatu tu. Kilizipima kwa futi kabla ya kuzipeleka, na safari hii hazikurudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Nani miongoni mwetu atapima kila skafu kabla haijauzwa?
2. Tukijumlisha bei ya sweta, shampuu na siku za kazi, skafu moja inatugharimu kiasi gani?
3. Je, mnunuzi anaambiwa namna ya kuifua?