Somo: Kiumbe Hai Katika Maonyesho ya Sanaa

Somo letu ni hili: je, msanii ana haki ya kumtia dhiki mnyama aliye hai, au kumuua, ili watu watazame?

Swali hili si la kubuni. Mwaka 2000, katika makumbusho ya Trapholt nchini Denmark, msanii Marco Evaristti alitia samaki wadogo wa rangi ya dhahabu ndani ya blenda 10 zenye maji na umeme, akawaachia watazamaji hiari ya kubonyeza. Wako waliobonyeza, na samaki wakasagwa. Mkuu wa makumbusho alishitakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikamwachilia kwa hoja kwamba samaki walikufa mara moja.

Huku Riruta, ambako machinjio ya Dagoretti hayako mbali, mtu aweza kutuambia: "Nyinyi mwala nyama. Mna uso gani wa kumlaumu msanii kwa samaki wawili watatu?" Hoja hii ina nguvu, wala haifai kupuuzwa.

Jawabu ni kwamba ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kila jambo. Mtume (S.A.W.) aliyeruhusu kuchinja ndiye aliyeamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe; na ndiye aliyemlaani mwenye kufanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ibn Umar (R.A.) aliyakumbusha haya alipowapita vijana waliomfunga ndege wakishindana kumpiga mishale. Tazameni: huenda ndege yule angekufa kwa mshale mmoja, na bado lawama haiondoki, kwa kuwa kifo chake ndicho kilichofanywa mchezo. Mahakama iliuliza samaki aliteseka kiasi gani. Sisi twauliza pia, aliuawa kwa haja gani?

Lakini tusivuke mpaka tukaharamisha kila onyesho. Abu Umair, mtoto mdogo, alikuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume hakumkataza. Na huko kwetu pwani, Gede, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 umewapa riziki wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke: hufuga vipepeo, na pupa zake hupelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Kwa njia hiyo mwananchi hupata faida kwa msitu uliosimama, si uliokatwa. Katika asili ya kazi hii hatuoni lawama.

Lawama huja katika utunzaji. Mwaka 2012, Tate Modern mjini London, msanii Damien Hirst aliwaweka vipepeo katika vyumba visivyo na madirisha, wageni wakipita kati yao. Kwa majuma 23 walikufa zaidi ya 9,000. Ni kweli kwamba umri wa kipepeo ni mfupi, na wengi huenda walifikiwa na ajali yao. Lakini habari zilieleza kuwa wako waliokanyagwa. Huyo aliyewekwa penye nyayo za watu ana mtu wa kuulizwa juu yake.

Basi tushike mizani hii: Je, pana haja? Je, kiumbe ametunzwa? Je, dhiki yake ndiyo tamasha yenyewe? Na kabla ya kuwapimia watu wa Ulaya, tumpimie nayo punda wa mkokoteni na kuku aliyening'inizwa miguu juu sokoni. Hao hawangoji makumbusho. Wako mlangoni petu.

Wallahu aalam.