TUCHORE ANGA KWA BULUU

Zamani buluu nzuri ya wachoraji ilisagwa kutokana na jiwe la Afghanistan, tena ghali mno. Mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipewa zawadi kwa kuitengeneza kiwandani. Udongo mweupe, magadi, salfa na mkaa vilichomwa pamoja. Bei ikashuka.

Haya, tuchore anga kwa rangi ya maji.

1. Tulowanishe karatasi nene.
2. Tukoroge rangi kila mara, maana unga wake huzama.
3. Tuanze juu, tushuke tukiongeza maji.
4. Mawingu tusiyapake. Weupe wa karatasi watosha.

Angalia! Ndimu na siki huiua buluu hii, ikapauka. Basi kikombe chenye ndimu tusikitumie.

Swali: Kwa nini tunakoroga rangi?